Mama Kanda anairudisha sauti ya Nguzo

Saa moja na nusu asubuhi, barabara ya maduka imetoka kufagiwa na vumbi bado halijatulia. Mama Kanda anainua mlango wa chuma wa duka lake hadi usawa wa kiuno, anainama na kupita chini yake, kisha anausukuma juu kwa bega ukiwa nyuma yake.

Duka lina upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Upande mmoja yuko fundi viatu, upande wa pili mchonga funguo. Ndani kuna rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa kanda za kaseti zipatazo elfu mbili. Mezani kuna kompyuta, mashine mbili za kaseti, bunda la pamba na chupa ndogo ya spiriti.

Anachovya pamba, anafuta kichwa cha mashine, anaitazama. Imetoka kahawia. Anachukua nyingine, anafuta tena, na tena, mpaka pamba inatoka nyeupe kama ilivyoingia.

"Usipofuta, sauti inatoka kama ya mtu mwenye mafua," anasema. "Na aliyeimba siku ile hakuwa na mafua."

Mama huyu wa miaka 58 hukusanya nyimbo zilizotamba miaka ya themanini. Huzitafuta kwenye kanda za watu, huzisafisha, huzipanga kumi na sita kumi na sita na kuziuza, kwa CD kwa wenye magari ya zamani na kwa flashi kwa wengine wote. Mpaka sasa ametoa mikusanyo saba.

Watu huziita zilipendwa. Yeye husikiliza tu na kutabasamu. "Waseme watakavyo. Jana peke yake nimeuza nne."

Kazi yenyewe hasa iko kwenye kuzipanga. Wimbo wa kwanza, anasema, ni wa kumtoa mtu jikoni. Wa pili ni wa kumkalisha. Wa tatu na wa nne ni wa kumnyanyua, na wa tano umkute bado yuko juu. Wa sita lazima uwe wa taratibu, "maana waliocheza nyimbo hizi wakiwa na miaka ishirini, leo wana magoti ya miaka sitini."

Wa kumi na moja huuita wa yatima. Ni wimbo ambao hakuna mteja hata mmoja aliyeuomba. "Unauweka katikati ya ndugu zake. Mtu anausikia bila kutarajia, anasema, 'Ala! Na huu nao upo?' Hata wimbo unapenda kukaribishwa."

Nyuma ya kila jalada huandika majina ya wote waliopiga, hata aliyetikisa kayamba tu. Akimpata mwanamuziki aliye hai, humwomba ruhusa, humpa nakala mbili na fungu lake la mauzo. Wapo ambao hakuwapata, na hao pia huwaandika, na fungu lao huliweka kando.

Kwa wiki huuza mikusanyo kumi na miwili hivi, kila mmoja kwa bei ya mikate mitatu. Si biashara ya kumtajirisha mtu. Lakini ikichanganywa na mshahara wa mumewe, aliyekuwa dereva wa lori, imesomesha watoto watatu na kulipa kodi ya chumba hiki bila kuruka mwezi.

Mwezi uliopita nusura aifunge.

Ilikuwa siku ya kawaida. Mama mmoja mrefu, mwenye sweta la kijivu na mkoba kwapani, alisimama mlangoni akilisoma jalada la Mkusanyo wa Kwanza lililobandikwa kwenye kioo. Mama Kanda akamwamkia.

"Shikamoo dada. Karibu."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeuza hizi?"

Sauti ilikuwa nzito, imetoka chini kabisa kifuani, hata fundi viatu akachungulia kuona ni mwanamume gani amekuja asubuhi asubuhi.

"Ndiye mimi, dada."

"Basi nimekuja kukuuliza, mdogo wangu. Mimi na wewe tumekosana wapi?"

Mgeni alikuwa Nguzo, mwimbaji wa bendi ya kiwanda cha nguo kilichofungwa zamani. Nyimbo zake tatu zimo kwenye Mkusanyo wa Kwanza. Mama Kanda alimtafuta mwaka ule akaambiwa amehama, hakuna ajuaye alikoelekea. Kumbe alikuwa akipika kwenye shule moja ng'ambo ya mji, na alistaafu juzi juzi tu akiwa mpishi mkuu.

Sasa ana miaka 71. Anasimulia kwamba utotoni sauti yake ilikuwa aibu. "Mwalimu wa kwaya aliniweka mstari wa nyuma, akaniambia nifungue mdomo tu, nisitoe kitu. Bendi ndiyo mahali pa kwanza watu walipoitaka sauti hii. Kiongozi wetu aliniambia, 'Wenzako wapambe, wewe shikilia paa.' Ndipo nikaitwa Nguzo."

Jumapili moja kabla ya kuja dukani alikuwa kwenye sherehe ya jirani, na jirani akapiga Mkusanyo wa Kwanza. Wajukuu wawili wa Nguzo walikuwepo. Kwa miaka mingi amewasimulia kwamba bibi yao aliimba kwa sauti iliyotikisa madirisha ya bwalo la kiwanda. Spika ikatoa sauti nyembamba, ya haraka haraka, kama ya msichana anayekimbizwa.

"Wakacheka mpaka wakakaa chini," Nguzo alimwambia Mama Kanda. "Mmoja anasema, 'Bibi, huyu ni wewe au kifaranga?' Nikajitetea. Mwenzake akanipigapiga begani, akasema, 'Haya bibi, tumekuamini.' Hapo ndipo paliponiuma. Akicheka, namcheka na mimi. Lakini kunihurumia!"

Akatoa sharti. Mwisho wa mwezi wajukuu wote tisa walikuwa wanakuja likizo nyumbani kwake. "Nirudishie sauti yangu kabla hawajafika. Ukishindwa, zitoe nyimbo zangu zote tatu na jina langu ulifute."

Mama Kanda alimwomba radhi pale pale, akiwa amesimama.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Nguzo akamjibu.

"Haya nitayazoa, dada. Hata kwa kijiko."

Nyimbo hizo tatu ndizo zinazoubeba mkusanyo: wa kwanza, wa tano na wa mwisho. Kwa miaka tisa zimeuzwa nakala karibu mia tisa. Kuziondoa, anasema, ni kuiacha nyumba bila milango. Lakini silo lililomnyima hamu ya kula na kumfanya afikirie kuifunga biashara.

"Nilikuwa najisifu kwa uangalifu. Nafuta mashine mara nne. Naandika mpaka mpiga kayamba. Kumbe miaka tisa yote namtembeza mtu mjini kwa sauti isiyo yake."

Mumewe humletea chakula kila siku saa saba mchana, kwenye bakuli lenye mfuniko. Siku hiyo alirudi nalo limejaa. Kesho yake alileta bakuli lile lile na vijiko viwili, akavuta kiti, wakala wote.

Mama Kanda alianza kwa kuitafuta mashine ya zamani, ile iliyonakili Mkusanyo wa Kwanza. Ilikuwa stoo, imefunikwa kwa shuka. Akaweka kaseti ya dakika sitini, ambayo kila upande huchukua dakika thelathini, na macho yake akayaweka kwenye saa ya ukutani. Upande wa kwanza ulikwisha kwa dakika ishirini na saba na robo.

"Nikakaa chini," anasema. "Mashine ilikuwa inakimbia, na mimi mbio zile nilizizoea, nikadhani ndio uchangamfu wa bendi."

Alimwita fundi redio anayemtengenezea vifaa tangu aanze. Fundi akafungua mgongo wa mashine, akachungulia, akagusa skrubu moja kwa kidole. Kisha akasema, "Mama, ni mimi."

Miaka tisa iliyopita mkanda wa mpira unaozungusha kanda ulikuwa umelegea, mashine ikawa inasuasua. Kwa kuwa mkanda mpya haukupatikana siku hiyo, fundi alikaza skrubu ndogo ya mota ili izunguke kwa kasi zaidi. Wiki mbili baadaye mkanda mpya ukaja, akaufunga, na akasahau kuirudisha skrubu.

Angeweza kusema ni uzee wa mashine, na hakuna ambaye angejua. "Hilo sitalisahau," anasema Mama Kanda. "Mtu alikuwa peke yake na ukweli wake mle ndani ya mashine, akautoa nje." Fundi aliirudisha skrubu mahali pake na akakataa malipo.

Mtu angedhani mambo yameisha: punguza mwendo kwa kiasi kile kile, basi. Lakini kanda iliyotumika ilikuwa nakala ya nakala, ya mteja ambaye alishahama nayo, na hakuna aliyejua mashine zilizotoa nakala hizo zilikimbia au zilitambaa. Mama Kanda alikuwa amebaki na ule wimbo wa mbio tu kwenye kompyuta. Angeweza kuupunguza atakavyo. Aishie wapi, hilo ndilo hakulijua.

Nguzo akaitwa kusikiliza. Alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani, macho kafumba.

"Bado."

Mama Kanda akapunguza kidogo.

"Bado."

Akapunguza zaidi.

"Sasa umenilewesha! Nirudishe, nirudishe."

Baada ya saa nzima Nguzo alifumbua macho. "Tusidanganyane, mdogo wangu. Sauti yangu imezidi kushuka na umri. Nikiupima wimbo kwa kifua cha leo, nitakuangusha shimoni. Mimi siwezi kuwa mizani." Kisha, kama mtu anayetapika dawa, akasema, "Muulize Shavu."

Shavu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi. Leo ni kinyozi, mwenye duka la viti viwili karibu na kituo cha mafuta, na tarumbeta lake limetundikwa juu ya kioo. Yeye na Nguzo walikuwa hawajaongea tangu kiwanda kifungwe. Kisa chao kila aliyewahi kuwa kwenye bendi ile anakijua. Katika wimbo wa barua, ule wa mwisho kwenye mkusanyo, kuna mahali ambapo tarumbeta na mwimbaji wanagongana mwanzoni mwa ubeti wa pili. Nguzo alisema Shavu alichelewa kutoka. Shavu alisema Nguzo aliwahi kuingia. Wakasusiana.

"Yule mama atanitoa roho," Shavu alimwambia Mama Kanda, wembe mkononi, mteja akisubiri na povu nusu uso. "Amesema niitwe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, kaka."

"Akataja jina langu?"

"Akalitaja."

Shavu akamalizia shavu la mteja bila haraka. Kisha akaeleza jambo ambalo hakuna mwingine angelijua. Wimbo wa barua unaanza na mlio mmoja mrefu wa tarumbeta, na mlio huo unatoka kwa pumzi tupu, bila kubonyeza kitufe hata kimoja. Na lile bomba dogo la kurekebishia sauti, linalovutwa na kusukumwa, lilishikwa na kutu miaka mingi iliyopita, pale pale alipokuwa amelivuta kwa ajili ya bendi ile. Tangu hapo halijasogea hata unywele.

"Tarumbeta halijabadilika," alisema. "Aliyebadilika ni mimi, na meno yangu mawili. Wewe shusha wimbo wako mpaka ukutane na pumzi yangu. Hapo ndipo tulipokuwa."

Aliomba siku nne za kujinoa. Wateja wake wanasema zilikuwa siku ngumu. Mmoja alimuuliza kama anamchinja mbuzi huko nyuma.

Jumatatu, siku ambayo vinyozi hupumzika, wote watatu walijibana dukani. Nguzo alikuwa kwenye stuli. Shavu alisimama mlangoni kwa kukosa nafasi, nusu ndani nusu nje, amevaa koti.

"Umezeeka," Nguzo akamwambia.

"Na wewe hujambo," Shavu akajibu.

Akaliinua tarumbeta. Mlio wa kwanza ulikatika njiani. Majirani nao walikuwa wamesogea: fundi viatu akataka kucheka, mchonga funguo akamkanyaga mguu. Wa pili ukatoka mzima. Mama Kanda akaufungua wimbo: milio miwili ikapishana, mmoja juu mmoja chini, ikitetemeka kama meza mbovu. Akapunguza. Mtetemo ukapungua. Akapunguza tena, kwa ncha ya kidole, huku Shavu akivuta pumzi na kupuliza upya, shingo imejaa mishipa.

Halafu mtetemo ukaisha. Mlio mmoja tu ukabaki dukani, na hakuna aliyeweza kusema upi ni wa leo na upi wa miaka ile.

Mama Kanda aliondoa mkono, akauacha wimbo uendelee. Sauti ya mwanamke ikaingia, nene na tulivu, ikisimulia barua iliyofika baada ya mwenyewe kuhama.

Nguzo aliinamisha kichwa, akausikiliza ubeti wa kwanza. Wimbo ulipofika ubeti wa pili, aliinua mkono.

"Rudisha hapo."

Ukarudishwa.

"Tena."

Ukarudishwa mara ya tatu. Kila mtu pale alisikia. Sauti iliingia pigo moja mapema, na tarumbeta likatoka mahali pake hasa, likaikuta sauti imeshakaa.

"Nilikuwa sina hata kanda ya nyimbo zangu mwenyewe," Nguzo alisema taratibu. "Na huu wa kifaranga sikuuvumilia mpaka ubeti wa pili. Miaka yote hii nimeulaumu mdomo wa mtu." Akamgeukia Shavu. "Niliwahi. Nisamehe, kaka."

Shavu, aliyengoja maneno hayo zaidi ya miaka thelathini, alikuwa na haki ya kujigamba. Mama Kanda anasema alimwona akifikiria. Mwishowe alisema tu, "Ulikuwa na hamu ya kuimba. Hilo nalo ni kosa?"

Mama Kanda akasema kwa kompyuta anaweza kuisogeza sauti kidogo, ikae sawasawa, asijue mtu. Nguzo akamkatalia. "Umenirudishia sauti, nirudishie na kosa lake. Ni langu." Nyimbo zake nyingine mbili, zilizotoka kanda moja na huo wa barua, zikashushwa kwa kiasi hicho hicho.

Wajukuu tisa walifika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nguzo anasimulia kwamba aliwapigia wimbo wakiwa wamekaa sakafuni, bila kuwaambia ni wa nani. Mdogo wao, wa miaka saba, alisikiliza kwa makini kisha akauliza, "Bibi, huyu baba anayeimba anaitwa nani?"

"Nikacheka mpaka machozi," anasema. "Nikamwambia, mjukuu wangu, baba huyo ndiye aliyemzaa mama yako." Yule aliyempigapiga begani siku ya sherehe hakucheka. Aliomba wimbo urudiwe, akaja akakaa karibu na miguu ya bibi yake.

Si kila mtu ameupokea vizuri mkusanyo uliorekebishwa. Mama Kanda amebandika tangazo mlangoni: mwenye Mkusanyo wa Kwanza wa zamani aulete, abadilishiwe bure. Hadi sasa zimerudi nakala sitini na tatu. Mteja mmoja aliisikiliza ile mpya dakika moja akauliza, "Mama, betri zimeisha?" Mwingine alikataa katakata. Alimwoa mkewe kwa huo wa mbio, alisema, na hataki kuanza kujifunza kucheza upya. Mama Kanda alimwachia, akamfungia na mpya kwenye karatasi. "Siku magoti yakichoka, ataufungua."

Lakini kuna jambo ambalo alilijua tangu siku ya saa ya ukutani, na hakumwambia mtu mpaka la Nguzo lilipokwisha. Mashine ile haikukimbiza nyimbo tatu peke yake. Ilinakili Mkusanyo wa Kwanza wote, wa Pili, na nusu ya wa Tatu. Nyimbo arobaini. Arobaini ukitoa tatu, zimebaki thelathini na saba, na kila moja inamhitaji mtu anayekumbuka ilikuwaje.

Ameanza orodha kwenye daftari. Yuko mpiga gitaa ambaye sasa ni mhubiri. Yuko mpiga kinanda anayeishi na bintiye. Yuko mpiga ngoma ambaye hasikii vizuri, lakini mkewe anasema akigusa meza bado anaujua mwendo. Mume wa Mama Kanda amekubali kumwendesha kwa gari la shemeji, mji hadi mji, Jumatatu na Jumanne, siku ambazo wateja ni wachache. Anatumaini kumaliza katika miaka miwili. "Mimi nina muda," anasema. "Wao ndio sina hakika nao. Kwa hiyo naanza na wakubwa."

Asubuhi hii, baada ya kufuta mashine, anapiga simu ya kwanza, kwa mpiga kinanda. Anapokea binti.

"Baba amejilaza kidogo. Nimwambie ni nani?"

"Mwambie ni mama mmoja wa nyimbo. Nataka kumuuliza wimbo wao wa mwavuli waliupiga kwa mwendo gani. Wa haraka, au wa kutembea."

Kisha sauti ya mzee, ya mbali, kama mtu anayeinuka kitandani: "Anaulizia wimbo upi? Hebu lete." Simu inakwaruza, inahama mkono. Mama Kanda anashika kalamu.

"Mwanangu, upo?" mzee anauliza. "Usikate. Ngoja nikae vizuri."